Mtama wa Baba Halima

Ninyi vijana mnaofuga njiwa juu ya nyumba zenu hapa Kitengela, na ninyi msiofuga chochote isipokuwa simu, kaeni mnisikilize. Sitawabembeleza. Mimi ni mwanamke mzee, nilisoma mpaka darasa la nne nikaacha, na sikuja hapa kuwaambia jinsi maisha ya zamani yalivyokuwa matamu. Nimekuja kusema jambo nililofanya nikiwa na miaka kumi na moja, ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu aliyestahili kulisikia.

Banda la njiwa lina harufu yake. Si ile ya kuku, ya mbolea mbichi inayokukaba koo. Njiwa hunuka vumbi kavu, manyoya, na mtama ulioguswa na maji kidogo. Kila asubuhi mjukuu wangu Neema anapofungua banda lake pale juu, harufu hiyo hushuka ngazi mpaka jikoni ninapochemsha chai, nami hutoka nje nikasimama langoni kama mtu anayengojea mgeni. Neema ameliona hilo. Siku moja aliniuliza, "Kukhu, kwani hizi njiwa zangu zilikukosea wapi? Hata siku moja hujawahi kuzitupia mahindi." Nilimwambia aende akaoshe vyombo. Lilikuwa jibu la mwoga, na mimi si mtu wa kujibu kioga, isipokuwa kwa jambo hili moja.

Nililelewa Magadi, kule chini ziwani, kwenye nyumba za kampuni. Baba alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akapata kazi ya kupakia magunia ya magadi kwenye mabehewa ya reli. Alirudi nyumbani kutoka zamu nyusi zake zikiwa nyeupe kama za babu. Joto la Magadi silijui mahali pengine. Mabati yalilia mchana kutwa yakijinyoosha, na ukikanyaga nje bila viatu saa saba ulirudi ndani ukiruka. Upepo ulipotoka ziwani ulileta ladha ya magadi mpaka ndani ya mdomo, na midomo yetu watoto ilipasuka, tukawa tunailamba na kuipasua zaidi. Maji ya kunywa tulichota kwenye mfereji mmoja uliokuwa mwisho wa safu ya nyumba, na foleni yake ilikuwa ndefu. Nakumbuka jinsi nilivyoichukia foleni ile. Likumbukeni hilo mnaponisikiliza.

Njiwa wetu walianza na jozi moja, na jozi hiyo Baba alipewa na mwenye duka, mzee Abdi, ambaye sote tulimwita Baba Halima. Alikuwa Msomali, alitoka kaskazini na mbuzi, mbuzi wakageuka kuwa duka la mabati lenye sukari, mafuta ya taa, unga, mtama na ukwaju. Yeye na Baba walikuwa marafiki kwa namna ambayo watoto hawaielewi, maana walikuwa wakibishana kila walipokutana. Baba Halima alimwita Baba "bwana mrenda" kwa sababu ya mboga zetu za kuteleza, na Baba alimwambia kwamba chai yake ya maziwa ya ngamia inafaa kupaka mlango. Siku mdogo wangu alipozaliwa, Baba Halima alikuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa, ndani yake dume la kijivu lenye shingo ya kijani na jike jeupe. Alisema mtoto akue akisikia sauti za wanaopendana, kwa sababu sauti za wazazi wake anazijua. Mama alicheka mpaka akashika tumbo.

Baba aligonga banda kwa mbao za masanduku ya sabuni, akaliweka ukutani upande wa kivuli, akapaka miguu yake oili chafu ili siafu wasipande. Njiwa wakaongezeka. Kazi ya kuwatunza alinipa mimi, na alinifundisha vizuri, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Njiwa hutaga mayai mawili, la pili hufuata baada ya siku moja hivi. Jike huatamia usiku kucha, na jua likishapanda dume huja kumpokea, naye hukaa mpaka alasiri, kama watu wa zamu pale kiwandani. Baba alilipenda sana jambo hilo. Makinda yakitotolewa hayapewi nafaka. Wazazi wote wawili huyalisha kwa kitu kama maziwa mazito kinachotoka katika mfuko ulio chini ya koo, halafu siku zikisonga hukichanganya na nafaka iliyolainishwa kwa maji. Ndiyo maana njiwa mwenye makinda hunywa maji kuliko chakula anachokula. Baba aliyarudia maneno hayo kwangu mara nyingi: maji kwanza, mtama baadaye. Nilitakiwa kubadilisha maji asubuhi, mchana na jioni. Na kila Jumamosi niliwasagia maganda ya mayai na mkaa, nikatia chumvi kidogo, ile unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Njiwa hupenda chumvi. Waliiona mikebe tu wakaanza kuinama na kuzunguka.

Halima alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa na umri mmoja, yeye mdogo kwangu kwa miezi mitatu, na alikuwa na maneno kuliko mimi. Aliniita abaayo, dada kwa Kisomali, nami nilijisikia mkubwa. Mchana wa joto tuliketi nyuma ya banda, yeye akaleta ukwaju wa dukani kwao, mimi nikatoa chumvi ya njiwa, iliyokaa kwenye mkebe mdogo uliotundikwa msumarini. Tulichovya ukwaju kwenye chumvi tukafyonza, macho yakifumba yenyewe. Tulifanya hivyo siku nyingi. Jumamosi moja nilifungua mkebe nikakuta haujabaki na chembe.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, Mama, chumvi ya njiwa imeisha. Lakini Mama alijua nani alikuwa akiimaliza, alikuwa amenionya, na fimbo yake ilikaa juu ya kabati. Halima hakuwepo, siku hiyo alikuwa duksi akisoma Kurani. Pale jikoni palikuwa na bakuli la magadi. Sisi watu wa magharibi mboga zetu hazipikwi bila magadi, kunde haziivi vizuri, mrenda hauteremki. Kwingine watu waliyanunua kwa vipande, lakini sisi tuliyaokota kando ya reli bure kabisa. Ukiyalamba yana chumvichumvi. Niliwaza kwamba ikiwa yanafaa kwa watu, yatafaa kwa njiwa. Tena niliwaza kwamba kwa kuwa hayana ukali wa chumvi, inabidi niweke mengi. Sikuyatia kwenye maganda ya mayai. Niliyaponda, nikachukua ngumi mbili, nikakoroga kwenye mkebe wao wa maji mpaka yakayeyuka, mengine yakatua chini. Kisha nikaenda kucheza.

Jioni nikachungulia, mkebe ulikuwa bado karibu umejaa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo sina haja ya kwenda foleni. Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi, nikachungulia tena, maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Nikaacha. Njiwa walikuwa wameketi midomo wazi, lakini Magadi kila kiumbe hukaa mdomo wazi. Dume la kijivu lilikuwa likiruka na kurudi, sijui lilikuwa likinywa wapi. Wenye makinda hawakuweza kwenda mbali. Walikunywa pale pale nilipowawekea.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na kimya. Mliozoea njiwa mnajua kwamba ile sauti yao huwezi kuisikia tena mpaka ikome. Nilikuta makinda yote sita yamekufa, shingo zimepinda, na wakubwa wanne wamelala chini ya banda, jike jeupe akiwa mmoja wao. Nilichofanya kwanza, kabla ya kulia, kabla ya kumwita mtu, nilimwaga yale maji. Hilo huwa nalirudia kila nikitaka kujisamehe. Mtoto asiyejua alichofanya hakimbilii kumwaga maji.

Baba alitoka zamu ya usiku akachuchumaa mbele ya banda na vumbi lake jeupe. Hakuwa mtu wa kelele. Alimshika jike jeupe, akamfungua mdomo, akamnusa.

"Nekesa, umewapa nini hawa?"

Nilisema nimewapa mtama na maji.

"Mtama gani?"

Kweli tulikuwa tumefungua mtama mpya wiki hiyo. Nikasema, "Labda ni ule mtama mpya." Akauliza, "Ule wa kwa Abdi?" Nikasema, "Ndiyo. Labda."

Nilijificha nyuma ya neno hilo "labda" miaka mingi. Nilijiambia kwamba sikumshtaki mtu. Lakini nilijua mbegu za kupanda hutiwa dawa ya wadudu, wakubwa walikuwa wakizungumza habari hizo, na nilimwona Baba akiunganisha mambo usoni pake, polepole, nami nikamwachia aunganishe.

Alikwenda dukani nami nikamfuata nyuma. Palikuwa na wateja. Alisema, "Abdi, sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia tu kwamba mtama wako uko na dawa." Baba Halima alidhani ni mzaha wao wa kila siku. Akasema, "Dawa ya nini, bwana mrenda? Ya mapenzi?" Watu wakacheka. Kisha akaona Baba hacheki, na jike jeupe alikuwa mkononi mwa Baba, kichwa kikining'inia. Alitoka nyuma ya meza, akauliza, "Huyu ni yule wa mtoto?" Hakuuliza mtama, aliuliza njiwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

Mtama ule si njiwa pekee waliokula. Kila nyumba yenye mtoto mdogo iliupikia uji. Kwa hiyo habari haikuchukua hata nusu siku. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hajawahi kumsingizia mtu, na aliposema jambo watu hawakuuliza mara mbili. Kina mama walimwaga uji nje. Mtoto aliyeharisha wiki iliyopita akakumbukwa, na aliyekohoa pia. Siku ya tatu Baba Halima alifanya jambo ambalo nikifumba macho naliona. Alimtolea mkewe mtama wa gunia lile lile mbele ya watu, ukasagwa, ukapikwa uji nje ya duka kwenye sufuria kubwa. Akanywa kikombe kizima ungali moto, jasho likimtiririka. Akajaza kingine, akampa Halima. Halima alikunywa akiwa amesimama, na juu ya ukingo wa kikombe macho yake yalikuwa yakinitafuta mimi katikati ya watu mpaka yakanipata. Akamaliza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Gunia lenye dawa amelificha nyuma. Hili ni la maonyesho." Watu wakatikisa vichwa wakaenda zao, na sufuria ikabaki pale imejaa.

Baba alisema hawezi kukaa na zawadi ya mtu aliyemficha ukweli. Lile dume la kijivu lilikuwa limepona, akalitia kikapuni akanituma nilirudishe. Nililiacha mlangoni pa duka nikakimbia. Kesho yake asubuhi lilikuwa juu ya banda letu, linazunguka na kuita jike lake. Baba akanituma tena. Likarudi tena. Mara ya tatu Baba Halima alinikuta mlangoni, akakitazama kikapu, akasema kwa upole, "Mwache tu, mwanangu. Yeye hajui kama tumegombana." Halafu akaingia ndani, na Halima akatoka.

Hakunigusa wala hakunitukana. Alisema, "Siku ile nilikuja kwenu kuona njiwa waliokufa. Nilitia kidole kwenye mkebe wa maji. Chini kulikuwa na magadi."

Niliinama nikakishika kikapu.

"Chumvi tulikula sisi," akasema. "Najua uliogopa. Sasa sema."

"Si ungesema wewe," nikamwambia.

"Mimi nikisema watasema namtetea babangu. Wewe ukisema wataamini. Sema, abaayo. Hata ukichapwa, utachapwa siku moja."

Nilimwambia nitasema. Nilimwambia kesho. Nilimkwepa wiki hiyo na iliyofuata, nikienda mfereji kwa njia ya nyuma, mimi niliyeichukia foleni sasa nikiipenda kwa sababu ilinificha. Baba alikuwa na huzuni, na kila siku niliyongoja ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ningekuwa nimeua njiwa, nimesema uongo, na nimemfanya Baba mwongo mbele ya kanisa. Mwezi haukuisha, duka likafungwa. Walipakia mali kwenye lori wakahamia Oltepesi, huko juu kwenye barabara ya Nairobi. Mama Halima alikaa mbele na dereva, mtoto wake mdogo mapajani. Halima alikaa juu ya magunia. Lori lilipita mbele ya nyumba yetu polepole sana, kwa sababu ya mashimo. Alinitazama muda wote huo mrefu. Hata wakati ule ningeweza kupiga kelele lisimame.

Dume la kijivu liliishi miaka mingine minne bila kuchukua jike jingine, na mimi ndiye niliyelilisha. Maji nilibadilisha mara tatu kwa siku bila kukumbushwa. Mama alinisifu kwa wageni.

Uongo haukai pale ulipouweka. Baba alipostaafu tukarudi magharibi, alikuwa akisimulia habari ya mtama ule kwenye harusi na matanga. Kila mwaka iliongezeka. Mwanzo lilikuwa kosa la Abdi, baadaye likawa desturi ya wenye maduka, mwishoni likawa "watu wale." Vijana wa ukoo wetu walikua wakijua kwamba watu wale hawaaminiki, na ushahidi wao ulikuwa njiwa wangu. Mimi nilikuwa nikipita na birika, nikiwajazia chai. Baba alizikwa akiamini hivyo. Nilisimama kando ya kaburi lake na kinywa changu kikiwa kimefungwa kama siku ya uji.

Leo naishi hapa Kitengela kwa mwanangu Wafula. Njiwa wa Neema hula nafaka iliyochanganywa tayari kwenye mifuko, hunywa kwenye chombo cha plastiki kinachojijaza chenyewe, na wakiugua anawapiga picha na kumpelekea daktari wa mifugo. Sisi tulikuwa na mikebe na masikio. Lakini sioni kwamba watu wamebadilika sana. Asubuhi mmoja anaandika kwenye simu kwamba nyama ya duka fulani si nzuri, labda, na kufikia mchana mwenye duka hana mteja. Hizo "labda" zenu zinasafiri haraka kuliko yangu, hiyo ndiyo tofauti ninayoiona.

Mwaka jana nilikwenda Oltepesi. Niliuliza dukani, nikauliza msikitini, nikauliza mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa kando ya barabara, naye akanipeleka kwa mzee mmoja aliyemkumbuka Baba Halima. Alisema hakufungua duka tena. Alirudia mbuzi, na ukimwuliza kwa nini hauzi nafaka alikuwa akicheka tu na kusema amechoka kunywa uji. Alikufa zamani. Halima aliolewa kaskazini, mzee hakujua mji gani. Nilimwachia jina langu na namba ya Wafula. Hakuna aliyepiga.

Jumapili iliyofuata, tulipokaa mezani, niliwaambia wote hadithi hii, tangu ukwaju mpaka lori. Nilipomaliza, Wafula alipumua kama mtu aliyetarajia kusikia ugonjwa akasikia mafua. "Ai, Mama! Si ulikuwa mtoto tu. Wacha hiyo maneno." Mkewe akaitikia, ndiyo, Mama, mtoto tu, na hata Mungu anajua. Neema akanishika mkono akaupapasa. Wote wakaniangalia kwa huruma, chakula kikipoa.

Nikauondoa mkono wangu. Nikamwambia Neema aketi wima, nikamwambia Wafula aweke simu chini. "Halima alikuwa mdogo kwangu kwa miezi mitatu," nikawaambia, "na alijua la kufanya, akaniambia. Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii, mtu asinitajie tena kwamba nilikuwa mtoto. Siku mtakaponizika, msiliseme hilo pia. Semeni alijua, akanyamaza. Sasa kuleni."